Zawadi ya karatasi sio ubahili, ila iandikwe tarehe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa majuzi kwamba mtu mzima mwenye kazi akimpa mtoto wake zawadi ya kutengeneza kwa karatasi huo ni ubahili tu uliovalishwa nguo nzuri, na kwamba watoto wa siku hizi hawadanganyiki. Barua yake nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti mume wangu akisikiliza, na kiukweli iliniuma, manake miaka mitatu iliyopita ningeweza kuandika maneno hayo hayo na ningeyaamini kabisa. Kwa hiyo simjibu kwa hasira, namjibu kama mtu aliyekuwa upande ule ule halafu akavuka.

Ngoja niseme nilivyokuwa. Mwanangu wa mwisho alipotimiza miaka 6 nilikopa kwenye simu nikamnunulia gari la kuchezea la betri, lile kubwa linalowaka taa na kupiga ving'ora, nikaona hapo sasa mtoto atafurahi na majirani wataona. Wiki ya pili betri zikaisha tukanunua nyingine, wiki ya nne gurudumu likachomoka, likapandishwa juu ya kabati na mpaka leo halijashuka. Mkopo niliumaliza mwezi wa nne na riba yake juu, yaani gari limeshakufa mimi bado nalilipia. Lakini kilichonikalisha chini nikafikiri sio hela peke yake. Shangazi yake alikuja akamuuliza, bethdei yako mlifanya nini, mtoto gari hakulitaja hata kidogo, akasema mimi na baba tulienda mtoni tukatupa majani yakashindana, la kwangu likashinda mara mbili. Na huo mtoko wa mtoni haukuwa kwenye mipango, baba yake alimtoa tu nyumbani ili mimi nipate nafasi ya kufunga lile gari kwenye makaratasi ya kung'aa.

Hapo ndipo nilipoanza. Na jambo ninalotaka kulisema kwenye barua hii ni moja tu, zawadi ya karatasi na matembezi ya bei ndogo visitenganishwe, manake karatasi peke yake inaishia droo na matembezi peke yake yanaishia kwenye maneno ya "tutaenda siku moja", ila ukivifunga pamoja, karatasi ikabeba tarehe ya matembezi, unapata zawadi ambayo mtu anaishika leo na bado anaisubiri kesho. Huyo msomaji mwenzangu nadhani aliona karatasi tu, hakuona kilichoandikwa ndani.

Sasa nieleze ninavyofanya, manake watu wananiuliza na kuelekeza kwa mdomo kunachosha. Unachukua karatasi moja ya A4, ile ile ya kuprintia, ukiwa na iliyotumika upande mmoja pia inafaa. Ilaze mbele yako kwa upana. Ikunje nusu, kisha nusu tena, kisha nusu tena, ukiifungua utaona vyumba 8, vinne juu vinne chini. Haya, sasa ikunje mara moja tu, ukingo wa kulia uje juu ya wa kushoto, halafu chukua mkasi ukate kuanzia kwenye ule mkunjo kufuata mstari wa katikati, ukifika pale mstari mwingine unapoukatiza unaacha, usipite hata kidogo, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Fungua, utaona mpasuko katikati ya karatasi. Ikunje kwa urefu, shika ncha mbili, zisukume zikutane, mpasuko unafunguka kama mdomo wa samaki na kurasa zinajipanga zenyewe. Ukiipiga pasi ile mikunjo kwa kucha una kijitabu cha kurasa 8, hakina gundi, hakina uzi, hakina pini. Kinaenea kwenye kiganja, kila ukurasa una milimita 74 kwa 105.

Hizo namba hazikutokea hivi hivi, na mimi zilinifurahisha sana nilipozielewa. Vipimo hivi vya A vilianzia Ujerumani mwaka 1922, vimepangwa ili karatasi ukiikata nusu ile nusu ibaki na umbo lile lile, ndo maana A4 ukiikunja unapata A5, ukiikunja tena A6, tena A7, na haipotei hata chembe. Shiti kubwa kabisa, A0, ina eneo la mita 1 ya mraba, na inatoa A4 16 kamili. Kwa hiyo kama bunda limeandikwa gramu 80, maana yake mita ya mraba ina gramu 80, na A4 moja ina gramu 5. Gramu 5 tu! Mwanangu akawa anaishika kiganjani akisema mama zawadi yangu ina gramu 5, kwake hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kile kijitabu cha kwanza nilimpa alipotimiza miaka 7. Ukurasa wa mbele jina lake, wa nyuma nikachora mlango, na katikati kurasa 6, kila ukurasa mtoko mmoja. Ukurasa wa kwanza kwenda kutazama mwezi ukichomoza. Wa pili kupima mti mrefu kuliko yote tunayoijua. Wa tatu maktaba, kukaa asubuhi nzima, achague vitabu mwenyewe. Wa nne kuamka alfajiri kusikiliza ndege. Wa tano kwenda mtoni kurudia mashindano ya majani. Wa sita niliandika "mahali popote unapotaka, siku yoyote unayotaka", nikiamini huo ndio utakaokuwa mtamu kuliko yote.

Kurasa tano za mwanzo niliziandika tarehe, na zote tano zilitimia, mbili zilisogezwa kwa sababu ya mvua lakini zilitimia. Ule wa sita haukutimia. Ilipita miezi, mimi niko bize na yeye ananyamaza, mpaka jioni moja nafua akaja na kile kijitabu kimeshalainika kama kitambaa, akakifungua ukurasa wa sita akauliza, "Mama, siku yoyote ni lini?" Sikuwa na jibu. Nilifuta povu mikononi tukaenda kwenye kalenda ya ukutani tukatafuta Jumamosi, akaizungushia duara mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Tangu siku hiyo sitoi karatasi isiyo na tarehe, kwa mtoto wala kwa mtu mzima, na ndo maana nimeweka kichwa cha barua hivyo. Ahadi isiyo na siku ni deni ambalo mtoto hana pa kulidaia.

Nitaeleza miwili kati ya ile mitoko kwa kirefu, manake huyu ndugu aliandika kwamba "matembezi ya bure ni kumzungusha mtoto juani".

Ule wa mti. Tulibeba karatasi moja tu. Unaikata iwe mraba, unaikunja kona kwa kona iwe pembetatu. Unaishika mbele ya jicho, upande mmoja mfupi umelala sawa na ardhi, mwingine mfupi umesimama upande wa mti, halafu unatazama kando ya ule upande mrefu kwenda juu. Unarudi nyuma taratibu mpaka ncha ya mti ikae sawasawa kwenye mstari wa jicho lako. Hapo unasimama. Umbali wako mpaka kwenye shina, ongeza urefu wa kutoka ardhini mpaka kwenye jicho lako, ndio urefu wa mti, basi. Ni kwa sababu pembetatu ile ina nyuzi 45, unavyoenda mbali ndivyo mstari unavyopanda kwa kiasi kile kile. Inataka ardhi iwe tambarare tu. Mwanangu ndiye aliyeshika karatasi, mimi namshika mabega asianguke maana anarudi kinyumenyume huku katoa ulimi, na kaka yake anapima chini kwa kamba tuliyoifunga mafundo kila mita. Tulipata mita 14 na nusu kwenda shinani, na jicho la mtoto liko mita 1 na kidogo, kwa hiyo mti una mita kama 15 na nusu. Alikaa kimya akautazama ule mti halafu akauliza, kwa hiyo mimi nikipandana mara ngapi. Tukapiga hesabu palepale chini kwa kijiti. Alikuwa anachukia hesabu za kugawanya, nisiseme uongo bado hazipendi sana, lakini siku ile aligawanya mwenyewe bila kuambiwa.

Na ule wa mwezi. Watu wengi wanaujua mwezi mpevu ukiwa umeshapanda juu, wachache sana wameuona unachomoza, na sababu ni kwamba hawajui saa. Saa yenyewe ni rahisi, usiku wa mwezi mpevu mwezi unachomoza karibu kabisa na wakati jua linapozama, upande wa pili wa mbingu, kwa hiyo ukikaa mahali palipo wazi unaona vyote viwili, jua linaaga huku na mwezi unaingia kule. Kesho yake unachelewa, kwa wastani dakika 50 hivi, na keshokutwa unachelewa tena, kwa hiyo ukikosa siku yenyewe jitahidi usikose inayofuata, utaupata kiza kikiwa kimeingia na unakuwa mwekundu mwekundu kama kaa la moto, hewa nzito ya karibu na ardhi ndo inaufanya hivyo. Kutoka mpevu mpaka mpevu mwingine ni siku 29 na nusu, kwa hiyo ukijua mmoja unaweza kuandika tarehe za mwaka mzima kwenye vijitabu vyako bila kumuuliza mtu. Sisi tulikaa kwenye mkeka, tuna chupa ya maji na shuka moja la kujifunika wote watatu. Mtoto aliuona kwanza kabla yetu, akanong'ona, hakupiga kelele, alinong'ona, "ule pale." Sijawahi kumsikia akinong'ona hivyo kwa toi yoyote niliyomnunulia.

Mitoko mingine sina haja ya kuieleza sana. Ndege wanaimba zaidi alfajiri, saa moja kabla na baada ya jua kutoka, kwa hiyo kinachotakiwa ni kuamka tu na kukaa kimya sehemu moja badala ya kutembeatembea. Maktaba inajulikana. Makumbusho watu wanayaogopa kiingilio, lakini kuna Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, tarehe 18 Mei kila mwaka, imekuwepo tangu 1977, na makumbusho mengi duniani siku hiyo yanafungua milango bure au yanaandaa shughuli za pekee, ukiulizia mapema lile la karibu na wewe unajua lina mpango gani. Andika hiyo tarehe sasa hivi.

Ila niwe mkweli kwa wasomaji, "bure" ina mitego yake na mimi imeninasa. Mtoko wa kwanza kabisa tulioufanya ulitugharimu sana, sio kwa kiingilio, ni nauli, ni soda njiani, ni mtoto kaona kibanda cha mapulizo, tukarudi nyumbani nikafungua pochi nikashangaa. Toka hapo tuna utaratibu wetu. Kwanza tunachagua mahali pa kufika kwa miguu, mtu mzima anatembea kama kilomita 5 kwa saa kwenye njia nzuri, mtoto mdogo pungufu ya hapo na anasimama kila penye mdudu, kwa hiyo napanga dakika 40 za kwenda na nahesabu saa nzima ya kurudi maana jioni miguu imechoka. Pili maji na cha kutafuna vinatoka nyumbani. Tatu tunaambiana kabla ya kutoka mlangoni kwamba leo hakununuliwi kitu, na hilo linasemwa kwa upole na linasemwa kwa wote, hata baba, kwa sababu mtoto akiambiwa peke yake anaona kaonewa.

Na upande wa karatasi pia kuna mtego wake, mkubwa kuliko huo. Mtu anasikia zawadi za kutengeneza, anakimbia dukani kununua gundi ya rangi, stika, riboni, karatasi nene za mapambo, mkasi wa kukata mawimbi, anamaliza ametumia kuliko ambaye angenunua zawadi yenyewe na nusu ya vitu vinabaki kwenye boksi chini ya kitanda. Mimi nina mkasi, rula, kalamu, basi. Gundi napika, kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vijiko vitano vya maji, nakoroga yasiwepo madonge, naweka kwenye moto mdogo mpaka iwe nzito na ianze kung'aa, inashika karatasi vizuri sana, kosa lake ni moja haikai, baada ya siku chache inachacha, kwa hiyo unapika kidogo kidogo. Kalenda za mwaka uliopita situpi, ile karatasi yake ngumu ya kung'aa nakata pembetatu nyembamba ndefu, chini sentimita 2 urefu kama sentimita 25, nazungusha kwenye kijiti kuanzia upande mpana, ncha naipaka gundi, ukichomoa kijiti una shanga yenye michirizi ambayo hata wewe mwenyewe hukuipanga. Binti yangu mkubwa alimtengenezea bibi yake mkufu wa shanga kama hizo, 60 na kitu, alikaa nazo wiki mbili.

Na wewe Mhariri usidhani gazeti lako linaishia kusomwa. Mimi nafungia zawadi kwa gazeti hili hili, nachagua ukurasa kwa makusudi, wa michezo kwa kaka yangu, wa mapishi kwa dada. Kuna siri moja ya karatasi ambayo gazeti linaifundisha vizuri, hebu msomaji ukishamaliza barua hii chukua ukurasa wa zamani uuchane kwa upande mmoja halafu uuchane kwa upande mwingine. Upande mmoja unachanika karibu umenyooka, mwingine unaenda zigizaga unavyotaka wenyewe. Ni kwa sababu kiwandani karatasi inatengenezwa ikiwa inakimbia kwenye mashine, na nyuzi zake ndogo ndogo zinalala kufuata ule mkimbio. Ukikunja kufuata nyuzi mkunjo unakuwa msafi, ukikunja kinyume chake unavunjikavunjika, hasa karatasi nene. Nilipoteza kadi nyingi kabla sijalijua hilo.

Jambo jingine la gazeti, usiandikie juu yake kitu unachotaka kidumu. Karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa matambara, huko China habari za Cai Lun, afisa wa jumba la mfalme anayesifiwa kwa kuanzisha karatasi, ni za mwaka 105 baada ya Kristo, na kwa karne nyingi kila ilikokwenda ilikuwa kitu cha thamani, mtu haichezei. Ni mwaka 1844 hivi Mjerumani mmoja, Friedrich Gottlob Keller, alipofanikiwa kutengeneza karatasi kwa kusaga mbao, na ndo karatasi ikaanza kuwa rahisi, na magazeti yakashuka bei yakafika kwa kila mtu. Lakini mbao iliyosagwa inabaki na ile gundi ya asili ya mti, lignini, ambayo ikikutana na mwanga na hewa inageuka manjano, ndo maana gazeti likikaa dirishani siku chache linakuwa na rangi ya chai. Kwa hiyo gazeti ni la kufungia, barua yenyewe iandike kwenye karatasi nyeupe nzuri na uihifadhi mbali na jua. Nalisema hili kwa sababu ninaposikia mtu anasema "ni karatasi tu" najiuliza angemwambia nani maneno hayo miaka 300 iliyopita akaeleweka.

Sasa nije kwenye ubahili wenyewe, neno lililoniuma. Bahili ni yule anayebana kwa mwenzake ili abaki nacho yeye. Kijitabu cha gramu 5 nilichompa mwanangu kilinigharimu Jumamosi sita, na Jumamosi zangu zinahesabika, nafanya kazi siku tano na nusu. Wazee walisema kutoa ni moyo usambe ni utajiri, na mimi naamini muda ndio unaoonyesha huo moyo uko wapi. Lakini pia nakubaliana na msomaji mwenzangu kwenye kitu kimoja na nakisema wazi, kuna wakati zawadi ya karatasi haifai. Mtu anahitaji dawa, au viatu vya shule vimemtoboka, au fundi kaharibikiwa na kifaa chake cha kazi, huyo usimpelekee kadi uliyoikunja vizuri, changa na wenzako umnunulie anachohitaji, na karatasi iwe ya kuandika majina ya waliochanga. Wala usimlazimishe mtoto afurahie. Binti yangu mkubwa alipopewa kijitabu chake cha kwanza akiwa na miaka 13 alikitazama akasema asante kwa sauti ya kinyonge, akakiweka kwenye begi. Nilinyamaza. Mtoko wa kwanza alikuja kwa kununa, wa pili alikuja, wa tatu aliuliza kama anaweza kuja na rafiki yake. Angekataa kabisa ningempa kingine, hiyo pia ni haki yake.

Na watu wazima wanaipokeaje? Mama yangu mzazi miguu inamsumbua, hawezi mwendo mrefu, nikawa nawaza nitamwandikia nini. Nikamwandikia kurasa 6 za kukaa. Kukaa chini ya mti fulani anaoupenda, kukaa tunatazama watu wanapita, kukaa anisimulie jinsi alivyokutana na baba na mimi niandike. Ule wa kusimulia ulichukua mchana mzima, nimejaza karatasi 11 pande zote mbili, nimezikunja katikati nikazishona kwa uzi wa kawaida na sindano, matundu matano kwenye mkunjo, na sasa ni kitabu. Mama kakiweka chini ya mto. Akija mgeni anakitoa, haruhusu mtu aondoke nacho.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu kwako ni la vitendo. Mna ukurasa wa matangazo ya burudani, na kila wiki nauona umejaa vitu vya kulipia. Tengeni kona moja ndogo tu, hata upana wa vidole vinne, ya sehemu zisizo na kiingilio au zenye siku ya bure, mkitaja tarehe na saa, na mwezi mpevu ni lini, na maktaba zinafunguliwa saa ngapi. Na toleo la likizo za shule mtuachie ukurasa mmoja mweupe wenye mistari ya kukunjia na kukatia, mtoto ambaye kwao hakuna karatasi ya A4 akate kijitabu chake moja kwa moja kutoka kwenye gazeti. Nasema hivi kwa sababu najua nyumba ambazo gazeti linafika, la kusoma au la kufungia kitu, na karatasi nyeupe haifiki.

Na kwa yule ndugu aliyeandika, simjui, lakini kama ana mtoto ningemuomba ajaribu mara moja tu kabla hajaandika barua nyingine. Sisi mtoko wetu unaofuata ni usiku wa mwezi mpevu unaokuja, mwanangu sasa ana miaka 9 na safari hii kijitabu kakikunja yeye, kakata bila kupitiliza, na kwenye ukurasa wa kwanza kaandika tarehe, chini yake kaandika "Mama usisahau mkeka."

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mama wa watoto watatu